Stendi Mbili za Mvule

Pangani
6 Agosti 1956

Kwa ndugu yangu Bakar bin Shaame, Chumbageni, Tanga.

Salaam aleikum. Huku wazima, isipokuwa mama, naye leo afadhali kuliko juzi. Kanywa uji bakuli zima akaniuliza kwa nini hauna sukari. Mtu akianza kulalamikia sukari ujue bado yupo. Wewe je, kifua kimepona na moshi wa hizo dawa zako za picha? Wateja wanakuja au wanapita tu kuchungulia?

Mwandiko usiucheke. Mwalimu wangu Bibiana, mke wa Kristofa, yule fundi wa karakana ya mashamba ya katani. Kila alasiri anakaa barazani kwangu ananifundisha, nami namlipa vitumbua. Akisema Mize hapa weka nukta, naweka. Asiposema siweki.

Sasa kaa chini. Mama kakubali kupigwa picha.

Mama huyu huyu. Miaka yote anasema uso wake si wa kutundikwa ukutani kama kalenda ya duka, jana kaniita, "Mize, mwandikie ndugu yako. Nataka mbaki na uso wangu. Mimi wa mama yangu nimeshausahau." Nikatoka nikajidai naangalia chungu, na jikoni hakukuwa na chungu.

Lakini ana masharti yake. Uani hatoki, hataki majirani wamwone anavyobebwa kama gunia la nazi. Atapigwa chumbani mwake, juu ya kitanda chake. Na ile taa yako inayolipuka kama radi hataki kuiona, anasema moyo wake hauna tena pa kurukia. Chumba chenyewe unakijua, saa sita mchana unatafuta mlango kwa kupapasa.

Usikawie, Bakar. Daktari kasema moyo umechoka. Hakusema lini, ila siku ile wakati wa kuagana alinipa mkono, na yule si mtu wa kutoa mkono.

Dada yako,
Mize

*

Chumbageni, Tanga
14 Agosti 1956

Dada yangu Mize,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepona. Mfikishie mama shikamoo yangu na umwambie namuombea. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa kama ulivyosema.

Bila taa ya kulipuka itabidi niwashe karabai mbili, moja kila upande wa kitanda. Karabai ninazo. Sina stendi za kuzishikilia. Hapa mjini kuna duka lina stendi za Ulaya, zinang'aa, zinakunjika kama mwavuli. Nimezishika. Miguu yake myembamba kama ya korongo, imetengenezwa kubeba balbu. Ukitundika karabai imejaa mafuta ya taa, karibu na chandarua cha mama na makuti ya paa, ikianguka tumemchoma mama yetu. Na bei yake ni ya mwenye studio, si ya mwenye chumba kimoja na pazia.

Kwa hiyo nitafutie fundi huko huko. Angalia haya. Stendi ipite urefu wa mtu mzima. Iwe na miguu mitatu, si minne, maana sakafu ya kwetu ina mabonde na minne haikai. Miguu itanuke, kutoka mguu hadi mguu upige hatua nzima ya mwanamume. Viungo vifungwe kwa skrubu na nati, si misumari. Chini katikati pawe na kulabu ya kuning'iniza jiwe, jiwe ndilo linaloishika isipinduke. Na usinunue kwa macho. Tundika debe la maji juu, uisukume kwa kidole.

Ukipata, niambie siku hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Bakar

*

Pangani
29 Agosti 1956

Ndugu yangu Bakar,

Marahaba. Mama analala vizuri, miguu imevimba kidogo. Barua zako namsomea zote, neno kwa neno, nikikwama Bibiana ananikwamua. Ile ya miguu ya korongo ilimchekesha mpaka nikamshika mgongo.

Stendi nimepata. Ngoja nikwambie nilivyozipata.

Kwanza nilikwenda kwa Kristofa. Kanionyesha bomba za chuma, anazikata, anazilehemu, kazi ya mashine. Nikasukuma moja, ikanisukuma mimi. Lakini nzito, utahitaji mpagazi, na bomba zenyewe lazima asubiri mabaki ya karakana, huenda mwezi, huenda miwili. Nikamwambia Kristofa, mgonjwa wangu hana miwili.

Nikaenda kwa Sadalla seremala. Unamjua Sadalla, mkewe wa pili amerudi kwao tena, nasikia safari hii kachukua na kinu, lakini hilo si letu. Akanionyesha mnazi. Nikamwambia, "Mnazi unapasuka nati ikikazwa, nipe mvule." Akasema, "Bi Mize, tangu lini wewe fundi?" Nikasema tangu tarehe kumi na saba, nilipopata barua. Akacheka akatoa mvule, mkavu, umekaa dukani kwake tangu kaka yake akiwa hai.

Ameunda mbili, nati na skrubu, kulabu na kila kitu. Nikapanda kiti nikatundika debe la maji juu. Watu wamejaa. Sadalla akasema sukuma. Nikasukuma kwa kidole, haikwenda. Nikasukuma kwa kiganja, haikwenda. Nikaisukuma kwa kiuno, na kiuno changu unakijua, maji yakacheza ikabaki imesimama. Akaniuzia kwa bei ya meza ya chai kwa sababu ya mama, kasema mama alimlea kwa maziwa ya mbuzi wake.

Ziko chumbani kwa mama. Anatundika kanga yake juu ya moja.

Njoo.

Dada yako,
Mize

*

Chumbageni, Tanga
6 Septemba 1956

Dada Mize,

Shikamoo, na shikamoo ya mama. Umefanya kazi ya watu watatu, Mungu akulipe.

Nitakuja Ijumaa tarehe 14, baada ya sala. Nina sahani sita tu za picha, vile vioo vya kamera, kila kimoja picha moja, na mpya hazijafika. Moja ya mama, mbili za akiba, zilizobaki nina mteja Jumamosi. Kwa hiyo nakuomba, dada, jambo hili liwe letu watatu. Usiseme sokoni.

Mwambie mama afanye mazoezi ya kutulia. Karabai si jua. Nikifungua kamera lazima atulie nikihesabu mpaka tano, asigeuke, asiseme.

Mdogo wako,
Bakar

*

Pangani
20 Septemba 1956

Ndugu yangu Bakar,

Salaam. Tumeamka salama. Mama kachoka lakini uso una nuru, anaulizia picha kutwa.

Najua umeondoka umenuna. Haya, nilisema. Nilimwambia Bibiana peke yake, na mke wa Sadalla, yule wa kwanza, na muuza dagaa kwa sababu aliniuliza kwa nini nanunua ubani. Nilijua watakuja kutazama tu. Sikujua watakuja wamevaa.

Lakini na mama naye. Wanawake watano wamekaa kwenye mkeka wake, wamejitia wanja, angefanyaje? "Wageni kwanza." Kila ulipomwelekea yeye, "Mgeni bado." Hivyo ndivyo alivyo, hata kula hali mpaka mgeni anawe mikono. Nikaona uso wako unavyokuwa kila sahani ikitoka.

Halafu ikabaki moja, na mlangoni ni nani, Bi Salme.

Wewe ulikuwa unapangusa kioo, hukumwona alivyosimama. Mimi nilimwona. Kavuka pantoni kutoka Ushongo, buibui imejaa vumbi, mikono mitupu. Miaka kumi na nne hawa wake wenza hawajasemezana, tangu baba alipofia kwake Salme, naye baba akazikwa siku hiyo hiyo, na mama amekaa ng'ambo hii anangoja pantoni. Hawakumngoja. Mama alifika anaonyeshwa udongo. Na Salme anasimama mlangoni hata hodi hajui aipige vipi.

Mama akamtazama, akasema, "Mwanangu, hiyo iliyobaki tupige wawili. Salme, kaa hapa." Akapapasa kitanda. Nikakaa chini miguuni pao nikashika mguu wa stendi ile ya kushoto, pale sakafu ilipobonyea.

Basi. Salme bado yupo, hajarudi Ushongo. Anamsugua mama miguu kwa mafuta ya nazi. Mtaa mzima hawana lingine la kusema, na safari hii si mimi niliyewaambia, wameona wenyewe.

Picha lini?

Dada yako,
Mize

*

Chumbageni, Tanga
3 Oktoba 1956

Dada yangu Mize,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama wote wawili. Mimi mzima.

Nimesafisha picha. Wale wageni watano wametoka vizuri, nawaletea. Ile ya mwisho imeharibika. Taa moja ilitikisika, ya kushoto, uso ukachezacheza. Si kosa la mama. Mwambie mama si kosa lake hata kidogo, ni taa.

Sahani mpya zikifika nitakuja tena nimpige peke yake. Awe mvumilivu.

Mdogo wako,
Bakar

*

Pangani
9 Oktoba 1956

Ndugu yangu,

Salaam. Barua nilimsomea mama kabla ya kuisoma mwenyewe, kama kawaida. Nilipofika pale pa taa ya kushoto nikaikunja. Mama akasema, "Soma." Nikasoma.

Mguu ule niliushika mimi. Na stendi ile niliichagua mimi, kwa sababu ya bei na kwa sababu ya haraka, nikajisifu nayo kwa kiuno mbele ya watu. Bakar, nisamehe. Sikumbuki kutikisika, lakini nililia, na anayelia hajui mkono wake unafanya nini.

Mama hakusema neno baya. Alisema, "Mti ni mti." Salme akamtengenezea mto.

Nimekwenda kwa Kristofa. Nimemwambia atengeneze zile za chuma. Nimewauza mabata wangu, usinijibu kuhusu mabata. Safari hii hata tetemeko lije, taa haitatikisika. Kasema bomba zitapatikana mwezi ujao.

Dada yako,
Mize

*

Chumbageni, Tanga
15 Oktoba 1956

Dada Mize,

Shikamoo. Nasikitika kuhusu mabata. Hukuwa na sababu ya kuwauza.

Mwambie Kristofa aache. Stendi za Sadalla zinatosha kabisa. Sahani zimefika juzi, naweza kuja wiki hii hii, hata kesho kutwa. Tutaweka mawe makubwa zaidi, basi. Nakuomba, dada, tusingoje chuma.

Mdogo wako,
Bakar

*

Pangani
21 Oktoba 1956

Ndugu yangu,

Salaam. Huku tunasukuma siku. Mama anapumua amekaa, usingizi anauiba.

Barua nimemsomea. Kasema hapana. Mwenyewe kasema, niandike kama alivyosema, "Bakar anamhurumia dada yake. Kama mti ulitikisika mara moja utatikisika tena, nami sina nguvu ya kuvishwa na kukalishwa mara tatu. Nitakaa mara moja, na iwe imara. Mngojeni Kristofa."

Kanga yake ya kisutu, ya kuvaa siku ya picha, imekunjwa, iko juu ya sanduku. Kila Ijumaa Salme anaianika.

Kwa hiyo usije bado. Usinihurumie, mimi nimeshakula kosa langu, halinikabi tena.

Dada yako,
Mize

*

Pangani
16 Novemba 1956

Bakar,

Salaam. Zimekuja. Kristofa na mwenzake wamezibeba begani kutoka karakana, watu wakadhani wanaleta nanga ya meli. Zinasimama kama zimeota. Nimetundika madebe mawili, nimezisukuma, nimezipiga teke, kidole cha mguu kimevimba.

Mama kazishika kwa mkono akasema, "Naam."

Njoo Ijumaa hii inayokuja, tarehe 23. Sitamwambia mtu. Hata Bibiana, barua hii nimeiandika bila yeye, ndiyo maana haina nukta za kutosha.

Dada yako,
Mize

*

Chumbageni, Tanga
12 Desemba 1956

Dada yangu Mize,

Shikamoo. Pole tena. Naandika pole na mimi mwenyewe ndiye wa kupewa, sijui tunaanzaje barua sasa. Nafika penye salamu natafuta shikamoo ya mama ya kuandika, kalamu inabaki juu.

Barua hii usimsomee mtu.

Tangu niliporudi kutoka msibani sijafungua studio. Kama mama angengoja siku mbili, kutoka ile Jumatano aliyotutoka mpaka Ijumaa ya picha. Hilo nimelisema mara nyingi, nawe umenijibu kuwa siku mbili ni za Mungu. Hazikuwa za Mungu, dada. Zilikuwa zangu, na wiki tano zilizotangulia zilikuwa zangu pia.

Stendi ya kushoto haikutikisika. Hakuna stendi iliyotikisika. Picha ile ninayo hapa mbele yangu. Miguu ya kitanda imetoka, nakshi zake unaweza kuzihesabu. Mtungi wa maji umetoka. Chandarua kimetoka kila tundu. Bi Salme ametoka mpaka mikunjo ya macho. Taa ikitikisika, vyote vingechafuka. Ni mama tu. Nilifika tatu, akageuka. Mahali pa uso wake pana kitu kama moshi, na mkono wake mmoja.

Nilijua barua zangu anasomewa. Sikuweza kuandika kwamba mama, umegeuka, umeiharibu mwenyewe. Nikasema taa. Nilidhani nitakuja baada ya siku chache, nimpige, yaishe, nayo taa haitalalamika. Sikufikiri kwamba taa ina dada yangu ameishika mguu. Sikufikiri utakwenda kuuza mabata. Ulipoandika kuhusu chuma ningekwambia, ila barua ingesomwa kwake tena, nami nikaona haya. Nikaomba tu nije. Mama akanikataza kwa uongo wangu mwenyewe.

Stendi za mvule zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza. Ulichagua vizuri kuliko ambavyo ningechagua mimi.

Zile za chuma ulizonipa nije nazo zimesimama hapa studio. Kila mteja anazisifu.

Mdogo wako,
Bakar

*

Pangani
7 Januari 1957

Ndugu yangu Bakar,

Salaam aleikum. Mimi sijambo. Arobaini ya mama tumeisoma wiki iliyopita, watu walikuwa wengi, wali haukutosha mara mbili. Hukuja, nami sikuwaambia kwa nini.

Barua yako nilikaa nayo. Siku tatu sikupika vitumbua, Bibiana akadhani naumwa. Nilikuwa na hasira, sikufichi. Ungeniandikia kipande kidogo ukampa dereva wa basi mkononi, nisome peke yangu. Ungenivuta uani hata siku ya msiba. Wiki tano, Bakar. Kila asubuhi nikimwosha mama naangalia mkono wangu huu nasema wewe ndiwe uliyemnyima uso wake. Na yeye akaondoka akiniona mimi ndiye. Hilo ukifika mbinguni utamweleza mwenyewe, mimi sitakusaidia.

Hasira imepungua. Haijaisha, lakini imekaa chini.

Sasa nami nina jambo nimelificha, tena mimi. Tangu siku ile ya picha watu wananiuliza, "Mama yako alimwambia nini mke mwenzake?" Maana wale watano walikuwa mkekani nyuma, waliona kichwa kinageuka, hawakusikia. Muuza dagaa kanipa fungu la bure nimwambie. Nilichukua dagaa, sikusema. Mtaa mzima umeshangaa. Nilikuwa chini pale nimeshika mguu wa taa, kichwa changu kiko kwenye magoti yao, mimi peke yangu nilisikia. Nilijua aligeuka. Ila ulivyosema ni taa nikadhani mambo ya kamera wewe ndiwe unayejua, kwamba kugeuka si kitu, kutikisika ndiko.

Ulikuwa unahesabu. Ulisema moja, mbili. Mama akaona ile buibui ilivyojaa vumbi la njia. Ulisema tatu, akageuka, akamwuliza polepole, "Salme, umekula?"

Ni hilo tu. Miaka kumi na nne. Mimi nilitegemea atamtajia baba, au lile kaburi.

Na Salme alikuwa amesikia ulivyosema mtu asitikisike. Akakaza uso, akatazama kamera, machozi yanakuja naye hapepesi, ndiyo maana wewe unaona mikunjo yake yote. Nne. Tano. Uliposema tayari ndipo akageuka naye, akajibu, "Sijala."

Mama akaniambia, "Mize, acha hiyo taa, lete chakula." Wewe ulikuwa unafungafunga mizigo kwa hasira.

Kwa hiyo ile picha usiitupe. Nitolee nakala mbili, moja yangu, moja mama mdogo Salme aende nayo Ushongo. Anaondoka Jumapili. Na siku ile tuliyomzika mama, wazee wakisema jua linakwenda, Salme ndiye aliyesimama mlangoni akasema hamtoki na jeneza hapa mpaka kijana wake afike. Ulidhani ni mimi. Si mimi, mimi nilikuwa sioni mbele.

Zitie kwenye bahasha ngumu zisikunjike. Na uje, tuna kazi ya kugawa nguo zake, siwezi peke yangu.

Dada yako,
Mize